Chumvi ya Manispaa

Mji wenyewe ni wa chuma. Sheffield.
Mama angeweza kuchagua mwingine,
wenye magofu, wenye popo, wenye mapango yake,
akachagua huu wa visu na vijiko
kwani, alisema, aliyejificha kinywani mwa simba
hatafutwi huko.

Nilikuwa na miaka sita, au sitini,
hesabu zetu hazilingani na zenu.
Jina tuliliokota kwenye bahasha iliyokosea mlango:
Tamsin. Barua ilidai deni la umeme.
Jina tukalichukua, deni tukaliacha juu ya zulia.

Masharti niliyabeba kichwani,
si ukutani, kuta husomwa na wageni.
Usivue mabuti, hata joto likizidi.
Siku ya kuogelea una mafua.
Usijibu swali kabla halijaulizwa.
Paka akikukazia macho, mtazame mwenye paka.

Niliuliza: watu ni wabaya?
Mama alikuwa akikunja moshi wa ubani kama shuka.
"Ni wasahaulifu," alisema.
"Humwaga maji ya moto bila kutazama."

Na kweli. Bwana Ollerenshaw wa ghorofa ya juu
alimimina maji ya viazi kwenye sinki, kimya,
nami nimelala ndani ya bomba nikicheza na mwangwi.
Kovu ninalo begani. Lina umbo la uma.

Bi Nuriya wa mlango wa pili hakuwa hivyo.
Mjane wa Kiyemeni; mumewe aliyaacha mapafu yake tanuruni.
Kabla hajainamisha sufuria, kila mara: Bismillahi.
Kisha anangoja. Pumzi moja, mbili,
muda wa mtoto kukusanya miguu yake.
Nilifunzwa kwamba neno lile hutufukuza.
Kwake lilikuwa hodi.

Ikaja Januari, na theluji.
Usiku lori la manispaa likapita likitema chumvi,
punje za kahawia mtaa mzima,
Mama akaziba tundu la ufunguo kwa pamba.
Lakini kichochoro cha nyuma hakikuguswa.
Kilikuwa cheupe kama karatasi ya mtihani.
Nikavua mabuti.

Sitadanganya, sikusahau sharti.
Nilitaka tu kusikia ardhi inasemaje
inapokanyagwa na mimi.
Kwru, kwru. Mpaka kwenye mapipa ya taka,
nikarudi, nikazunguka, nikarudi tena.

Asubuhi nikachungulia dirishani.
Kwato ndogo, za punda, lakini mbili mbili tu.
Si za kulungu; kulungu ana miguu minne.
Mnyama gani hutembea wima
akaingia namba kumi na saba, akafunga mlango?
Sauti za watoto wa shule zilikuwa zinateremka kilima.
Mama hakunigombeza. Alianza kufunga mizigo,
moshi kwanza.

Halafu ufagio.
Bi Nuriya, koti la marehemu juu ya dera lake,
anafagia theluji ambayo hakuna aliyemwomba afagie,
toka mapipani hadi kwetu,
taratibu, kama anayefuta ubao.
Mfuko wa chumvi aliogawiwa na manispaa
umeegemea ukuta wake, haujafunguliwa.
Hakuinua macho. Kizingitini petu alisimama,
akaiambia theluji, au mlango:
"Viatu, mwanangu. Baridi yote hii."

Hatukuhama. Mama alinuna wiki nzima.
Alisema mwenye hadhari hamwamini
hata anayemfutia nyayo,
kwa kuwa huyo sasa anazijua.
Labda. Mama ameona zama nyingi kunizidi.

Bi Nuriya hayupo tena. Mle ndani wamepanga wanafunzi,
wanapika tambi saa nane za usiku,
wanamwaga maji wakicheka.
Mimi nina sinki langu sasa, na birika.
Lile neno silithubutu, bado lanichoma ulimi.
Ila kabla sijamimina nauzuia mkono.
Pumzi moja. Mbili.
Sijui nampisha nani.